Dallas na Houston: saa moja ya angani ina historia yake



Ukiuliza hapa Gulfton, kusini-magharibi mwa Houston, Dallas ni mbali kiasi gani, utajibiwa kwa saa. Wa ndege atasema moja, wa gari atasema nne. Kutoka uwanja wa Hobby hadi Love Field ni maili 239 hivi, na hizo hazijabadilika. Hoja yangu ni kwamba kilichobadilika ni nani anaweza kuzifupisha, na kwa bei gani.

Mwaka 1969 Houston ilifungua Intercontinental, mbali kaskazini ya mji, na mashirika yakahama Hobby. Dallas na Fort Worth nao wakajenga uwanja wa pamoja, DFW, uliofunguliwa 1974. Viwanja vikubwa, sawa, lakini viko mbali na watu. Safari ya angani ilibaki ileile, ya kwenda uwanjani ndiyo iliyorefuka.

Southwest wakauona mwanya. Walianza kuruka Juni 1971, baada ya washindani kuwazuia mahakamani kwa miaka, na Novemba wakaanza kutumia Hobby. Love Field nako wakang'ang'ania. Mwaka 1973 Braniff wakashusha nauli ya Dallas–Hobby hadi dola 13 ili wawamalize. Southwest wakajibu: lipa 13, au lipa 26 upewe na chupa ya pombe kali. Wafanyabiashara, wanaolipiwa nauli na kampuni, wakachagua chupa! Mwaka huohuo Southwest wakapata faida ya kwanza.

Kwa hiyo saa ile moja ilipiganiwa kwa ajili ya mtu wa ofisini. Na Gulfton yenyewe ilijengwa kwa ajili ya watu wa aina hiyo, vijana waliofuata kazi za mafuta. Bei ya mafuta ilipoporomoka miaka ya 1980 wakaondoka, wakaingia wahamiaji wa Mexico na Amerika ya Kati, halafu wakimbizi wa kila pembe, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili.

Wengine kati yao wana ndugu Vickery Meadow, Dallas. Sasa msiba ukitokea huko, jamani, saa moja ya ndege inageuka hadithi. Kuna safari ya kwenda Hobby, foleni ya ukaguzi, na tiketi ya kununua leo kusafiri leo si ya bei ya kawaida. Tangu Mei 2025, kitambulisho cha jimbo kisichotimiza masharti ya REAL ID nacho kinaleta usumbufu. Basi watu wanachangishana mafuta, wanajazana garini watano, wanashika I-45. Wakigawana gharama, kila mmoja analipa kidogo, na wanashukia mlangoni pa wafiwa.

Kwa maoni yangu, atakayeandika historia ya Waswahili wa Texas asiishie kwenye ratiba za ndege. Aulize pia nani aliwahi mazishi, na alifikaje.

Ni hayo tu kwa leo. Mlioko Dallas, mnasemaje?