Kasoro za moyo za kuzaliwa nazo: utambuzi kwa sauti za moyo

Kasoro za moyo za kuzaliwa nazo ni hitilafu za umbile la moyo au mishipa yake mikubwa zinazotokea mtoto angali tumboni. Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa nazo. Nyingine hazisumbui utotoni, zikaja kugunduliwa ukubwani, pengine mama anapohudhuria kliniki ya ujauzito.

Daktari mpasuaji Leader Stirling, baadaye Waziri wa Afya wa Tanzania, alianza kazi Lulindi, Masasi, mwaka 1935. Wakati huo kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hakikuwapo: kilibuniwa Uswidi mwaka 1953. Kabla ya hapo sikio ndilo lililotegemewa. Hadi leo, katika zahanati za Masasi na za Newala, juu ya uwanda wa Makonde, uchunguzi wa moyo huanza na stetoskopu.

Moyo mzima hutoa sauti mbili, valvu zinapojifunga. Damu ikipita kwa msukosuko husikika mvumo.

Tundu kati ya vyumba vya juu huipasua sauti ya pili vipande viwili, na mwachano wake haubadiliki mtu avute pumzi au aitoe. Tundu kati ya vyumba vya chini huleta mvumo wa kukwaruza kushoto mwa kidari, upande wa chini. Kiganja kikiwekwa hapo huweza kuhisi mtetemo. Mshipa wa kichanga unaounganisha mshipa mkuu (aota) na ateri ya mapafu, ukishindwa kujifunga baada ya kuzaliwa, hunguruma mfululizo chini ya mtulinga wa kushoto, kama mashine ya kusaga. Aota yenyewe ikiwa nyembamba, mvumo husikika mgongoni, mapigo ya paja huchelewa kuliko ya mkono, na shinikizo la damu mikononi hupanda.

Ukubwa wa kelele si ukubwa wa ugonjwa. Tundu dogo la vyumba vya chini huvuma kuliko kubwa. Mvumo uliofifia huku midomo na kucha zikigeuka bluu ni dalili mbaya: shinikizo la mapafu limepanda, na ujauzito huwa hatari kwa maisha.

Si kila mvumo ni kasoro. Ujauzito, au upungufu wa damu utokanao na malaria, huleta mvumo laini moyo ukiwa mzima. Homa ya baridi yabisi nayo huharibu valvu baada ya kuzaliwa.

Eko ndiyo huthibitisha. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, huziba baadhi ya matundu bila kupasua kifua. Kijana mwenye mvumo mfululizo, au unaosikika baada ya sauti ya pili, apewe rufaa hata kama hajisikii mgonjwa.