Pigo la Sita

Utoto wangu niliuishi Kariakoo, mwendo mfupi kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Wakoloni waliliacha eneo lile wazi ili liwatenge wakazi wa Uhindini na sisi wa upande wa pili. Watoto hatukuujua mpango huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulivuka kwenda kuwatazama vijana wa Kihindi wakicheza kriketi vichochoroni, na siku walipopungukiwa watu, nasi tulichezeshwa.

Nyuma ya mpigaji palisimamishwa kreti la soda liwe shabaha. Mpira ulikuwa wa tenisi, uliokwisha manyoya. Sheria kuu ilikuwa moja: ukiupiga ukavuka ukuta, umetoka, na ni wewe utakayekwenda kuuomba. Niliijua vizuri sheria hiyo siku nilipoupiga kwa nguvu zangu zote. Ulipaa, ukavuka ukuta, ukatua ndani ya karai la mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi. Nilikwenda na shikamoo ya unyenyekevu mkubwa.

"Marahaba, mwanangu," akasema, huku akiuchungulia mpira ndani ya mafuta. "Subiri kidogo, haujaiva upande wa pili."

Baadaye, nikiwa mwalimu, nilisoma kwamba katika kriketi rasmi pigo kama lile ndilo lenye fahari kuliko yote: mpira ukivuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, mpigaji hupewa alama 6. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Tarehe 31 Julai 1899, katika uwanja wa Lord's, London, Albert Trott aliupiga mpira ukapita juu ya jengo kubwa la wanachama. Alipewa ngapi? Alama 4! Sheria ya Uingereza wakati ule ilidai mpira utoke nje ya eneo zima la uwanja, na wake ulianguka nyuma ya jengo. Mnamo mwaka 1910 hivi sheria ikalegezwa, lakini hakuna aliyemrudishia Trott alama zake 2.

Karibu na kwetu, tarehe 4 Oktoba 1996, kwenye uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Shahid Afridi wa Pakistan alipewa gongo kwa mara ya kwanza katika mchezo wa kimataifa. Alifikisha alama 100 dhidi ya Sri Lanka kwa mipira 37 tu, na mapigo ya sita yakawa 11. Rekodi hiyo ya michezo ya siku moja ilidumu hadi tarehe 1 Januari 2014. Aliandikwa kuwa kijana wa miaka 16. Mwaka 2019 akaeleza mwenyewe kitabuni kwamba alizaliwa 1975. Sisi tuliozoea kupokea fomu za wanafunzi hatukushangaa.

Basi pigo ni lilelile: London ni 4, Nairobi ni 6, kichochoroni kwetu umetoka. Mpira haujui hesabu. Anayehesabu ni mwenye sheria.

Naliandika hili kwa sababu nami nilikuwa mwenye sheria kwa miaka mingi, nikiwa na kalamu nyekundu. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimkagua mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa vipimo na uzani. Aliliweka kando andalio lake la somo, akawapeleka watoto sokoni kwa wenye mizani, wakapima mchele na dagaa kwa mikono yao. Waliporudi, hata wazito darasani waliweza kukokotoa. Mimi nikaandika: "Ametoka nje ya andalio," nikampa alama ya chini. Mwaka uliofuata aliacha ualimu.

Yule mama wa maandazi niliyemharibia mafuta alinirudishia mpira wangu, na andazi moja juu yake. Nilipaswa kukumbuka andazi lile kabla ya kuishika ile kalamu.