Vita viliisha 1945, mabomu hayakuambiwa

Juni 2010, mji wa Göttingen, Ujerumani. Watu wako mjengo, wanajenga uwanja wa michezo, wanapata bomu la Vita vya Pili vya Dunia. Kilo 500. Wataalamu wanaitwa kulitegua. Kabla hata hawajaanza kazi yenyewe, linalipuka. Watu 3 wa kikosi wanakufa, na hawakuwa wageni wa hiyo kazi.

Mimi nilidhani bomu likikaa chini miaka 65 linaoza tu, linakuwa chuma cha kuuzia watu wa skrapu. Kumbe ni kinyume.

Mabomu mengine yalitengenezwa yasilipuke papo hapo. Ndani ya fyuzi kulikuwa na kichupa cha asetoni. Si unajua ile maji ya kutoa Cutex kwa kucha? Hiyo hiyo. Kichupa kinapasuka, asetoni inakula polepole kipande cha seluloidi kinachozuia pini, na baada ya saa au siku kadhaa, bomu linalipuka watu wakiwa wamerudi kuzima moto na kuokoa majirani. Roho chafu kabisa. Sasa, kwa udongo laini bomu lingeweza kugeuka likalala pua ikiangalia juu. Asetoni inatiririka upande usiofaa, pini inabaki imeshikiliwa na seluloidi peke yake. Na seluloidi inazeeka. Kila mwaka bomu linakaribia kulipuka.

Ndiyo maana huko kwa miji iliyopigwa sana, kama Oranienburg, huchimbi msingi hivi hivi. Kwanza wanatoa picha za anga. Nani alizipiga? Walewale walioangusha mabomu! Marubani wa Uingereza na Marekani walirudi kupiga picha kuona wameharibu kiasi gani. Shimo kubwa, bomu lililipuka. Katundu kadogo, huenda bado liko hapo. Halafu wanatoboa ardhi, wanashusha kifaa cha kupima sumaku kutafuta chuma.

Wakilipata, mtaa unahama. Agosti 2017, Frankfurt, bomu la Waingereza la tani 1.8 lilipatikana mjengo. Watu zaidi ya 60,000 waliambiwa watoke kwao, hata watoto njiti wakatolewa hospitali. Likateguliwa, watu wakarudi nyumbani. Hiyo ndiyo siku nzuri.

Lakini Januari 2014, huko Euskirchen, dereva wa tingatinga alikuwa anafanya kazi yake kwa yadi ya kusaga kifusi. Tingatinga likagusa bomu. Akafa palepale, na wenzake wakajeruhiwa. Hapo picha za anga zingesaidia nini? Bomu halikuangushwa kwa hiyo yadi. Lilikuja na lori, ndani ya kifusi cha mjengo mwingine.