Gari Lililozaliwa kwa Kubadilishiwa Injini

Mbele ya injini ya V8 ya Chevrolet, upande wa kulia, chini ya ukingo wa kichwa cha silinda, kuna kipande kidogo cha chuma kilichosawazishwa kwa mashine. Upana wake hauzidi vidole viwili. Hapo ndipo kiwanda kilipogonga herufi na namba za injini. Mnunuzi wa Camaro ya 1969 huinama hapo na tochi, akafuta grisi kwa kitambaa, kisha akalinganisha namba zile na za kibao kilichobanwa kwenye dashibodi. Zikilingana, bei inapaa. Zikitofautiana, mazungumzo ya bei yanaanza upya. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana namba ya injini iko kwenye kadi yake ya gari. Lakini mara nyingine tochi ile humulika herufi mbili zisizotarajiwa: CE. Hiyo ni alama ya injini ya kubadilishia, iliyotolewa na Chevrolet yenyewe, mara nyingi chini ya waranti, baada ya ile ya kwanza kufa mikononi mwa kijana mwenye mguu mzito. Gari lilikuwa bado jipya, na tayari lilikuwa limeshapokea injini nyingine.

Naanza na herufi hizo kwa sababu zinagusa mzozo wa miaka mingi kati ya wapenzi wa magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, yale ya milango miwili yenye V8 kubwa yaliyotamba kati ya 1964 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mzozo unahusu injini ya kreti, yaani injini mpya iliyounganishwa kiwandani, ikafungwa kwenye kreti na kuuzwa peke yake, bila gari. Wapo wanaosema kuiweka kwenye gari la zamani ni kulifutia historia yake. Nadhani wamekosea, na ushahidi umo katika historia hiyohiyo wanayoitetea. Magari haya yalizaliwa kwa kubadilishiwa injini. Ukiangalia jinsi yalivyozaliwa, utaona pia kanuni ya kuchagua injini ya kuyatia leo: anza na gari, injini ifuate.

Kabla hata ya magari ya misuli, vijana wa California walikuwa wakinunua Ford kuukuu za miaka ya 1930 na kuzitia injini zenye nguvu kuliko zile zilizotoka nazo. Ford ndiyo iliyotawala, kwa sababu V8 yake ya 1932 ilikuwa rahisi kuipata na vipuri vyake vilijaa kila mahali. Desemba 1953 mhandisi Zora Arkus-Duntov aliwaandikia wakubwa wake wa Chevrolet waraka wa kuwatahadharisha: vijana hawa wanaifahamu Ford kama kiganja cha mkono, na Chevrolet ikitaka kuwapata, iwape vipuri vya nguvu vilivyo tayari kufungwa. Kisha ikatoka V8 ndogo ya Chevrolet ya mwaka wa 1955, iliyosimamiwa na Ed Cole, yenye inchi za ujazo 265, sawa na cc 4,300 hivi. Ilikuwa nyepesi, fupi na ya bei nafuu, na haikuchukua muda ikaanza kuonekana hata ndani ya boneti za Ford. Wazo la kuuza nguvu dukani, kando ya gari, lilikuwa limeshapandwa.

Kisha ikaja Pontiac GTO ya 1964. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa na sheria kwamba magari yake ya ukubwa wa kati yasizidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac chini ya John DeLorean walijua kitu ambacho sheria ile haikukizingatia: injini yao ya inchi 326 na ile kubwa ya inchi 389 zilikuwa na umbo moja kwa nje, na zilikaa kwenye mikono ileile ya injini. Wakaichukua ile ya magari makubwa, wakaitia kwenye Tempest, gari lao la ukubwa wa kati, na ili kuikwepa sheria wakaiuza kama nyongeza ya hiari, bila kuitangaza kuwa gari jipya. Uongozi wa mauzo ulikubali 5,000 tu kwa majaribio. Mwaka huo ziliuzwa 32,450. Ukiivua GTO jina na rangi, unabaki na kazi ya fundi aliyetoa injini ndogo akaweka kubwa.

Wauza magari waliielewa siri hiyo haraka. Camaro ilipotoka kama gari la 1967, General Motors haikuruhusu injini ya zaidi ya inchi 400 ndani yake. Don Yenko, muuzaji wa Chevrolet huko Canonsburg, Pennsylvania, akazitoa zile za kiwandani na kuweka za inchi 427, sawa na lita saba. Huko Chicago, duka la Nickey lilifanya vivyo hivyo, na mjini humo Grand Spaulding Dodge, maarufu kwa jina la Mr. Norm's, iliingiza V8 kubwa za Chrysler kwenye Dodge Dart. Halafu kuna mfano ambao kwangu ndio mzito kuliko yote: injini ya LS7 ya inchi 454 ya mwaka 1970. Ilipangiwa Corvette, mpango ukafutwa, na hakuna gari hata moja lililotoka kiwandani likiwa nayo kwa mauzo ya kawaida. Ilipatikana kaunta ya vipuri. Anayetaka kuwa mwaminifu kwa enzi ile hana njia ya kuitumia injini hiyo isipokuwa kwa kuinunua peke yake na kuipachika mwenyewe.

Leo magari ya Yenko yanauzwa kwa fedha ambazo magari ya kawaida ya mwaka uleule hayazifikii hata kwa mbali. Namba za kiwandani zinathaminiwa, na sikatai, lakini mabadiliko yaliyofanywa kwa akili yalithaminiwa zaidi. Atakayejibu kwamba Yenko alifanya zamani na fundi wa leo anafanya leo ana haki ya kusema hivyo. Muda huongeza thamani. Ila hauwezi kugeuza kosa kuwa ubunifu. Kama kitendo kilikuwa halali 1967, sioni kilichokiharamisha baadaye.

Sasa, namna ya kuchagua. Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kununua kwa tarakimu, na tarakimu za enzi ile zinadanganya kwa namna inayopimika. Hadi 1971 nguvu za injini za Marekani zilitajwa kwa kipimo ghafi: injini iko juu ya stendi, haina kichujio cha hewa, haizungushi feni wala jenereta ya gari, na moshi unatoka kwenye bomba wazi. Kuanzia magari ya 1972 viwanda vilihamia kwenye kipimo halisi, injini ikiwa imebeba mizigo yake yote. Injini ya LT-1 ya Corvette iliandikwa nguvu farasi 330 mwaka 1971. Mwaka uliofuata ikaandikwa 255, ingawa mashine yenyewe ilikuwa karibu ileile. Mwaka 1997 Corvette mpya ikaja na LS1 ya lita 5.7 yenye nguvu farasi 345, safari hii kwa kipimo halisi. Mtu anayedhani anahitaji 450 ili kuifikia Chevelle ya 1970 aliyoisoma utotoni anashindana na karatasi. Injini ya kreti ya wastani kabisa ingetosha kumpa kile ambacho gari lile lilikuwa nacho barabarani.

Kosa la pili ni kusahau kilichoizunguka injini. GTO ya 1964 ilikuwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, zenye kipenyo cha inchi 9.5, juu ya gari la zaidi ya kilo 1,500. Zilichoka baada ya kukanyagwa kwa nguvu mara chache. V8 kubwa ya Chevrolet ya chuma inaizidi ile ndogo kwa kilo 50 hivi, na kilo hizo zote hukaa juu ya magurudumu ya mbele, mahali ambapo gari lilikuwa tayari zito kukata kona. Viwanda vyenyewe vilitanguliza nguvu na kuacha breki zifuate nyuma. Hilo ni jambo la enzi ile ambalo hatuna wajibu wa kulirudia. Ndiyo maana naona pesa ya kwanza iende kwenye breki za diski, rejeta kubwa na springi, kisha kinachobaki kiamue injini.

Hata injini inayofanana kabisa na ya zamani inaweza kumshangaza mnunuzi. Chukua V8 ya inchi 350 ya Chevrolet, iliyoanza kwenye Camaro ya 1967 na kuuzwa kwenye makreti kwa miongo kadhaa. Kwa macho ni ileile. Lakini kuanzia 1986 sili ya nyuma ya krenkshafti, ambayo zamani ilikuwa vipande viwili, ikawa kipande kimoja. Kwa sababu hiyo duara la boliti za flaiwili lilipungua kutoka inchi 3.58 hadi inchi 3, na sehemu ya uzito wa kusawazisha mzunguko ikahamishiwa kwenye flaiwili yenyewe. Mtu aliyeagiza injini mpya akitumaini kutumia flaiwili yake ya zamani anafika kwenye hatua ya mwisho, injini inaning'inia kwenye mnyororo, ndipo anagundua mashimo hayalingani. Fundi anayeuliza mapema injini ni ya sili gani anamwokolea mteja wake wiki nzima.

Injini za LS, jamii ya ile LS1 ya Corvette ya 1997, zimependwa kwa sababu inayofaa kuelezwa. Ingawa ni za kisasa, zilibaki na kamshafti moja tu, ndani ya bloku, na fimbo za kusukuma valvu, kama ile ya 1955. Hivyo ni nyembamba, zinaingia kwenye boneti ya zamani, na zile zenye bloku ya alumini hulipunguzia gari mzigo wa mbele. Mashimo ya kuunganisha giaboksi karibu yote yanalingana na ya zamani. Gharama imejificha kwingine: zinahitaji kompyuta na nyaya zake, sampo ya oili inayopishana na fremu, na petroli yenye msukumo wa pauni 58 hivi kwa inchi ya mraba, wakati kabureta iliridhika na pauni tano hadi saba. Tangi na pampu ya zamani havitoshi. Kwa Ford hali ni ngumu zaidi. V8 ya Coyote iliyoanza na Mustang ya 2011 ni injini nzuri mno, lakini ina kamshafti nne, mbili juu ya kila kichwa, na upana wake unagonga minara ya shokapu ya Mustang za miaka ya 1960. Kuiingiza mara nyingi humaanisha kuikata minara hiyo. Hapo nasita. Kwa Mustang ya 1967 ningeshauri V8 ya aina ya zamani ya inchi 302, iliyounganishwa upya kwa vipuri vya leo, kwa sababu haihitaji msumeno. Boliti hufunguliwa, lakini mwili wa gari ukishakatwa umekatwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayojibu pingamizi kubwa la watetezi wa namba. Injini ya asili ina uhai wenye kikomo. Kila inapofanyiwa ovahoo silinda zinachongwa zaidi na kuta zinabaki nyembamba. Ipo siku hapabaki cha kuchonga. Zaidi ya hayo, nyingi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, iliyopigwa marufuku kwa magari ya barabarani nchini Marekani tangu 1996, na viti vya valvu visivyo vya chuma kigumu huliwa polepole bila risasi hiyo. Mwenye gari lenye namba zinazolingana anayetaka kulitembeza kila Jumamosi anaimaliza hazina yake kila anapowasha. Akiitoa, akaipaka oili, akaihifadhi kwenye stendi pamoja na boliti zake, na kutembelea injini ya kreti iliyokaa kwenye mikono ileile, amelinda namba kuliko anayeendelea kuichoma. Kwa wanaosema mlio na tabia ya kabureta vitapotea, jibu ni kwamba injini za kreti zenye kabureta bado zinauzwa, na anayezipenda asione haya kuzichagua. Kupenda harufu ya petroli na mtetemo wa injini baridi asubuhi ni sababu halali kabisa.

Kinachonitia wasiwasi ni mwelekeo wa soko lenyewe. Mwaka 2019 Mopar, chapa ya vipuri vya Chrysler, ilitoa injini ya Hellephant ya nguvu farasi 1,000 kwa dola 29,995, na ndani ya siku mbili zikawa zimekwisha. Mwaka 2021 Chevrolet ikajibu kwa ZZ632, lita 10.4, nguvu farasi 1,004. Ni kazi za uhandisi zinazostahili heshima, na kwenye mashindano ya mbio fupi za moja kwa moja zina mahali pake. Kwenye gari la 1968 lenye difu nyepesi na mwili uliobuniwa kwa robo ya nguvu hizo, injini inakuwa imelinunua gari.

Mwaka huohuo wa 2021 Ford ilipeleka Las Vegas kitu cha aina nyingine: mota ya umeme ya kreti, nguvu farasi 281, bei dola 3,900. Ili kuionyesha, walifunga mbili kwenye pikapu ya F-100 ya 1978. Wengi walishtushwa na unafuu wa bei. Ndani ya kreti hapakuwa na betri, wala kifaa cha kuendesha mota, wala mfumo wa kuipoza. Hayo yote mnunuzi alipaswa kuyatafuta, na kuyapimia nafasi chini ya boneti iliyochorwa kwa ajili ya V8.