Bibi anasahau: uzee, ugonjwa au uchawi?

Wadau wa Shanwe na Mpanda yote, hii inagusa kila ukoo.

MRI ni mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali na mawimbi ya redio. Haina mionzi ya eksirei. Mtu akipigwa leo, akarudi mwakani, wataalamu wanalinganisha picha zake.

Kwenye ubongo wanaangalia sana hipokampasi, sehemu ndogo inayohusika na kumbukumbu mpya. Kila mzee inamsinyaa kidogo, ndo uzee. Lakini uchambuzi wa mwaka 2009 uliojumlisha tafiti kadhaa ulikuta kwa mzee mwenye afya inapungua kama asilimia 1.4 kwa mwaka, na kwa mwenye Alzheimer kama asilimia 4.7. Kwa hiyo kuna kuzeeka, na kuna kuumwa.

Na si ugonjwa wa wazungu. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, wa 2009-2010 ulipima wazee 1,198 wa miaka 70 kwenda juu, bila kutegemea MRI: wenye ugonjwa wa kusahau walikuwa kama 6 kwa kila 100.

Sasa bibi akipotea njia ya nyumbani au akiongea peke yake usiku, wengine wanasema mchawi. Nchi hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo! Mpelekeni hospitali. Daktari anaanza na maswali na vipimo vya damu. Alzheimer haiponi, ila kuna kusahau kunakotibika, mfano kwa upungufu wa vitamini B12.

Haya wadau, wa kwenu mnamleaje?