Ununuapo nyumba mpya Ganze, mpime mjenzi kwa nyumba zake za zamani

Wajenzi wawili wakikuonyesha nyumba mpya hapa Ganze, rangi isikudanganye. Mimi huanza na ardhi: naomba nambari ya hati na kuthibitisha jina la mmiliki katika ofisi ya ardhi Kilifi, kwani baadhi ya mashamba yetu bado hayana hati. Pili, naomba ramani iliyoidhinishwa na kaunti na cheti cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tatu, natembelea nyumba aliyojenga ambayo imeshanyeshewa na masika. Namuuliza anayeishi humo: kuta zimepasuka? Paa linavuja? Ulipomwita, alirudi? Anayeficha kazi yake ya zamani, mwache, hata bei yake ikiwa nafuu.