Pweza, Kuku na "Ndege": Wanyama Wabashiri katika Historia ya Michezo na ya Maneno

1. Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na swali la darasani. Tulikuwa tukifafanua kitenzi -agua na jamaa zake katika lugha za Kibantu, mwanafunzi mmoja akasimama na kuuliza: "Wazungu walipomwuliza pweza ni nani atakayeshinda mpira, magazeti yalicheka na kuuita mchezo. Babu yangu akimwuliza kuku, mnauita ushirikina. Tofauti iko wapi?" Darasa zima lilicheka, nasi tulicheka pia, lakini jibu la papo hapo hatukuwa nalo. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Hatukusudii kuutetea uaguzi wala kuukejeli. Tunakusudia, kwanza, kueleza kisa cha pweza huyo na cha wanyama wenziwe; pili, kukilinganisha na desturi ya kuku wa Wazande, ambao ni ndugu zetu wa kaskazini-mashariki ya nchi; tatu, kuchunguza maneno ambayo Kiswahili hutumia kwa mambo hayo. Itaonekana kwamba sehemu kubwa ya tofauti aliyoiuliza mwanafunzi haimo katika matendo, bali imo katika majina tunayoyapa matendo.

2. Pweza wa Oberhausen

Kwa msomaji wa bara ambaye hajaiona bahari, inafaa kusema kwamba pweza ni mnyama wa baharini mwenye mwili laini usio na mfupa na mikono minane, na kwamba wataalamu humhesabu miongoni mwa viumbe wenye akili nyingi kuliko wanyama wengine wasio na uti wa mgongo. Pweza tunayemzungumzia alipewa jina la Paul. Wenyeji wake walieleza kwamba alianguliwa Weymouth, nchini Uingereza, mwaka 2008, kisha akahamishiwa katika jumba la viumbe wa baharini lililoko Oberhausen, Ujerumani.

Utaratibu wake ulikuwa mwepisi. Kabla ya mechi, visanduku viwili vya plastiki angavu viliteremshwa ndani ya tangi lake. Kila kisanduku kilibandikwa bendera ya timu moja, na ndani ya kila kimoja kiliwekwa chakula kilekile, yaani kome. Kisanduku ambacho pweza alikifungua kwanza ndicho kilichohesabiwa kuwa cha mshindi.

Katika Kombe la Ulaya la mwaka 2008 Paul aliulizwa juu ya mechi 6 za Ujerumani, na mara zote 6 aliichagua Ujerumani. Alipata 4 na kukosa 2: Ujerumani ilifungwa na Croatia kwa mabao 2 kwa 1, na katika fainali ikafungwa na Uhispania kwa bao 1 kwa bila. Wakati huo hakuna aliyemwita nabii.

Sifa zilimjia mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini, kwa mara ya kwanza katika bara letu. Paul alisema Ujerumani itaishinda Australia, na ikawa hivyo. Alisema itashindwa na Serbia, ikashindwa. Alisema itazishinda Ghana, Uingereza na Argentina, ikazishinda zote tatu. Katika nusu fainali aliichagua Uhispania, na Wajerumani wakafungwa bao 1 kwa bila. Aliichagua Ujerumani dhidi ya Uruguay katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu, ikashinda kwa mabao 3 kwa 2. Hatimaye aliichagua Uhispania dhidi ya Uholanzi, na tarehe 11 Julai Uhispania ikatwaa kombe. Mara 8 aliulizwa, mara 8 akapata. Alikufa mwezi wa Oktoba mwaka uleule, kwani umri wa pweza si mrefu.

3. Waliofuatana naye

Paul hakuwa peke yake. Mwaka huohuo wa 2010, huko Singapore, kasuku mdogo aitwaye Mani alitaja washindi wote wanne wa robo fainali. Kisha aliitaja Uholanzi kuwa mshindi wa kombe, na hapo akaanguka. Mani anatuhusu kwa sababu maalumu: hakufundishwa kazi hiyo kwa ajili ya mpira. Alikuwa kasuku wa mpiga ramli wa Kitamili, na katika desturi ya zamani ya watu hao, ndege hutoka katika kizimba chake na kuchomoa kadi inayosomwa kuwa ndiyo bahati ya mteja. Kwa hiyo katika Mani tunaiona njia yenyewe ambayo uaguzi ulipitia kuingia uwanjani: mnyama ni yuleyule, mwenye kumtunza ni yuleyule, ila swali ndilo lililobadilika.

Mwaka 2018, michuano ilipofanyika Urusi, paka mweupe kiziwi aitwaye Achilles, mkazi wa jumba la makumbusho la Hermitage mjini Saint Petersburg, aliichagua Urusi dhidi ya Saudi Arabia, na Urusi ikashinda kwa mabao 5 kwa bila. Uziwi wake ulitajwa kama sifa, kwamba hawezi kushawishika na kelele za watu. Japani nayo ilikuwa na pweza wake, Rabio, aliyevuliwa na mvuvi wa kaskazini ya nchi. Yeye aliwekewa nafasi tatu: kushinda, kwenda sare na kushindwa. Alitaja sawasawa matokeo yote matatu ya Japani katika kundi lake. Lakini kabla ya mechi ya tatu kuchezwa, alikwisha kupelekwa sokoni kuuzwa kama pweza wengine. Nabii aliliwa kabla ya unabii kutimia.

4. Hesabu ya unabii

Tuyapime sasa madai hayo. Mtu anayebahatisha kati ya majibu mawili ana nafasi 1 kati ya 256 ya kupata mara 8 mfululizo. Nafasi hiyo ni ndogo, lakini si muujiza. Tuseme wanyama 256 wameulizwa duniani kote, katika mabustani ya wanyama, majumba ya maonyesho na nyumba za watu; tungetarajia mmoja wao apate mechi zote 8 kwa bahati tupu. Magazeti yatamwandika huyo mmoja. Wale 255 watarudi katika vizimba vyao bila kutajwa.

Kuna hesabu nyingine ambayo kwa maoni yetu inafundisha zaidi. Katika mashindano yale mawili Paul aliulizwa juu ya mechi 13 za Ujerumani, akapata 11. Mtu ambaye angejibu "Ujerumani" kila mara, bila kufikiri hata kidogo, angepata 9, kwa sababu timu hiyo ilishinda mechi 4 kati ya 6 mwaka 2008, na 5 kati ya 7 mwaka 2010. Ukiiondoa fainali ya Uhispania na Uholanzi, utukufu wote wa Paul umesimama juu ya mechi mbili tu: ile ya Serbia na ile ya nusu fainali.

Aidha, tukizitazama bendera alizozichagua mara zote 14, tunakuta Ujerumani mara 11, Uhispania mara 2 na Serbia mara 1. Zote tatu zina mistari mipana ya kulala. Pweza hatambui rangi kama sisi tunavyozitambua, lakini hutofautisha maumbo, na weupe na weusi. Hatudai kwamba mistari ndiyo iliyomvuta, maana hata bendera ya Uholanzi ina mistari ya kulala, naye aliiacha. Tunasema tu kwamba, kabla ya kutafuta roho ndani ya tangi, kuna mambo ya karibu ya kutafuta.

5. Kuku wa Wazande

Wazande wamegawanywa na mipaka ya Kongo, Sudan Kusini na Afrika ya Kati. Desturi yao ya benge ilielezwa kwa urefu na Mwingereza Evans-Pritchard, aliyekaa miongoni mwao upande wa Sudan katika miaka ya 1920 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1937. Benge ni sumu itokayo katika mmea utambaao. Wazande wa Sudan walisafiri hadi Kongo, ng'ambo ya mto Bomokandi, kuitafuta.

Kifaranga hulishwa sumu hiyo, na mwenye kuuliza huieleza sumu jambo lake: kama ni kweli, mwue kuku, kama si kweli, mwache. Lakini jambo haliishi hapo. Huletwa kuku wa pili, na swali hugeuzwa: kama jibu la kwanza lilikuwa la kweli, mwache huyu, kama lilikuwa la uongo, mwue. Ili hukumu ikubalike, kuku mmoja lazima afe na mwingine lazima apone. Wakifa wote wawili, au wakipona wote wawili, benge limejipinga lenyewe, na hakuna hukumu. Evans-Pritchard aliungama kwamba yeye pia aliendesha shughuli za nyumba yake kwa kuuliza benge, na hakuona kwamba njia hiyo ilikuwa mbaya kuliko nyingine.

Msomaji na alinganishe. Kule Oberhausen pweza aliulizwa mara moja, na jibu likapokewa. Hakuna aliyebadilisha nafasi za bendera na kumwuliza upya ili kuona kama atashika neno lake. Kwa upande wa utaratibu, basi, mzee wa Kizande alikuwa mwangalifu kuliko wenye jumba la Oberhausen, kwa kuwa alikiwekea chombo chake mtihani ambao kingeweza kushindwa.

Hata hivyo tusiipambe desturi hiyo kupita kiasi. Benge halikuulizwa juu ya mpira. Liliulizwa juu ya maradhi, uzinzi na uchawi, na jibu lake liliweza kumfukarisha mtu au kumwangamiza. Sehemu nyingine za nchi yetu sumu ilinyweshwa watu wenyewe, nayo ikaua wengi. Kiswahili kinakumbuka jambo hilo katika neno kiapo, ambalo lina maana ya maneno ya kuapa na maana ya sumu au chuma cha moto alichojaribiwa nacho mshtakiwa. Na hata leo wako watoto na vikongwe wanaofukuzwa majumbani mwao kwa tuhuma za uchawi. Hapa ndipo ilipo tofauti ya kweli kati ya pweza na kuku. Pweza aliulizwa neno ambalo jibu lake halikumdhuru mtu yeyote. Kuku aliulizwa neno ambalo nyuma yake alisimama mshtakiwa.

Warumi nao walikuwa na kuku wao watakatifu waliosafirishwa pamoja na majeshi. Wakila kwa pupa, ilikuwa dalili njema. Cicero anasimulia kwamba mwaka 249 kabla ya Kristo, jemadari Publius Claudius Pulcher, karibu na Drepana huko Sisilia, alipoona kuku wamekataa kula, aliamuru watoswe baharini wanywe maji. Alishindwa vitani, na kwa hesabu ya Polybius meli 93 zikatekwa. Kisa hiki hufundishwa shuleni kama "historia ya kale". Cha Wazande hufundishwa, kikifundishwa, kama "imani za kienyeji". Kuku ni kuku.

6. Ushahidi wa maneno

Tugeukie lugha yenyewe. Neno ndege, ambalo kila mtoto analijua, lina maana ya pili inayosahaulika: dalili ya heri au ya shari. Wazee wa pwani husema msafiri amekutana na ndege njema au ndege mbaya, hata kama alichokutana nacho si kiumbe chenye mabawa. Kiswahili hakiko peke yake. Kiyunani ornis ni ndege na pia ni dalili. Kilatini auspicium kimejengwa kwa avis, ndege, na kitenzi cha kutazama. Kiarabu nacho kimetoa neno la fali mbaya, tiyara, katika shina la kuruka. Watu walioishi mbalimbali walitazama juu, wakaona kitu kimoja.

Kitenzi -agua ni cha Kibantu halisi: Kinyarwanda kina -ragura na Kiganda kina -lagula, na Kiswahili kimeiangusha konsonanti ya kwanza kama kilivyofanya katika maneno mengi. Kuagua maana yake ni kufumbua kilichofichika na pia kutibu kwa ufumbuzi huo. Kutabiri kumetoka Kiarabu, mahali ambapo hasa ni kufasiri ndoto. Kubashiri nako ni kwa Kiarabu, na asili yake ni kuleta habari njema. Ndiyo maana tuna bishara.

Safari ya neno hili la mwisho inahitaji kuangaliwa. Siku hizi, katika Kiswahili cha Tanzania, kubashiri ni kuweka fedha juu ya matokeo ya mechi. Kitenzi kilicholeta habari njema sasa kimeandikwa juu ya mlango wa duka la kamari. Kati ya bishara na biashara kuna herufi moja tu, ingawa maneno hayo hayana undugu. Na vijana wa miji yetu, ambao wengi wao wangeona haya kuonekana kwa mwaguzi, hutoa nauli yao na karo yao kwa sababu ya namba zilizochapwa katika kikaratasi.

7. Hitimisho

Tumjibu sasa mwanafunzi wetu. Katika tendo la kumwuliza mnyama, tofauti haipo. Kwa upande wa uangalifu, kuku wa Wazande alimshinda pweza. Katika matokeo tofauti ipo, nayo ni kubwa: kucheka pamoja ni jambo moja, kumhukumu jirani ni jambo jingine. Kipimo chetu, basi, kisiwe ngozi ya anayeuliza wala bara alilozaliwa. Kiwe hiki: ni nani atakayelipa jibu likiwa la uongo? Pweza alipokosea mwaka 2008 hakuna aliyelipa. Benge lilipokosea alilipa mshtakiwa. Kikaratasi cha kamari kikikosea, hulipa mama anayengoja sokoni fedha za unga.

Nasi walimu wa lugha tuna wajibu wetu. Tunapoandika maana ya -agua katika kamusi, tusiongeze dharau ambayo hatuiongezi katika -tabiri. Neno la Kibantu na neno la Kiarabu, kuku wa Uele na pweza wa Oberhausen, vyote vinastahili kupimwa kwa mizani moja.